Zimwi la Jicho Moja

"Mcha Mungu kama wewe, jirani, mbona sabuni zako unazigonga muhuri wa zimwi?" jirani aliwahi kumuuliza mjane mmoja mtengeneza sabuni. Mjane akacheka. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Muhuri huo wa mbao aliuchonga marehemu mumewe: jicho moja, jino moja, basi. "Mke wangu," alikuwa akisema, "sura nzuri zimejaa sokoni na hakuna azikumbukaye. Mwenye jicho moja utamsahau?" Na kweli, hata wasiojua kusoma waliulizia sabuni ya zimwi. Naye kila alipougonga kwenye sabuni mbichi, alihisi kama mume yuko chumba cha pili, ananoa patasi.

Mpini wa muhuri ulipolegea, akaupeleka kwa seremala aukaze. Alipoufuata, seremala alikuwa anatabasamu.

"Nimekufanyia hisani, mama. Nimemwongezea jicho la pili na meno yote. Sasa anatazamika."

Mjane akaupapasa muhuri kwa kidole, akiutafuta mkono wa mumewe.

"Yule wangu yuko wapi?"

"Ndiye huyo huyo. Nilipiga randa kwanza, nikachonga upya."

Mjane akaufunga muhuri kwenye pindo la mtandio, akatoka.