Kupatia Si Kujua

Mahanand Jha alikuwa mwana wa Lakshmikant, mwana wa Bhairavdatt, mwana wa Tejnarayan, yule aliyepewa na mfalme kijiji kizima cha Baghauni kwa kumshinda kwa hoja msomi aliyetoka Kashi. Wote hao walifundisha elimu moja: mtu anajuaje anachokijua, kwa ushahidi gani, na akili yake hupotelea wapi. Walifundisha katika baraza moja, juu ya kigoda kimoja kilichong'arishwa na makalio ya vizazi. Katika ukoo huo hakuwahi kutokea mtu aliyesema "najua", akaulizwa sababu, akanyamaza.

Sasa kigoda kilikuwa hakina mrithi. Mwana pekee wa Mahanand alikwenda Bombay kujenga madaraja, akaota mizizi huko. Mzee akatangaza kwamba kigoda kitamwendea mume wa mjukuu wake Malti, kijana Kirtinath Thakur aliyehitimu elimu hiyohiyo, ila kwa sharti: siku ya harusi atoe hoja moja isiyo na ufa.

Kwa desturi ya Mithila, nchi yao, bwana harusi huletewa wasichana wawili waliofunikwa sari gubigubi, mmoja mkewe, mwingine ndugu wa mkewe, naye amguse aliye wake. Akikosea atachekwa hadi ajute kuoa. Siku hiyo Mahanand alikibeba kigoda chake, akakiweka mlangoni pa chumba cha maharusi, mahali ambapo mwanamume mzee hana shughuli.

"Mdogo wangu, umekuja kuvalishwa bangili?" akauliza dada yake Kamaleshwari, shavu limejaa tambuu.

"Nimekuja kumsikia mkwe akitoa sababu, dada."

"Watu wanaoa, wewe unataka sababu. Ndiyo maana marehemu mkeo alikuwa akienda kwao kila msimu wa samaki."

Kirtinath aliingizwa akivutwa pua kwa jani la tambuu, kama itakiwavyo. Wanawake wakamvamia kwa maneno.

"Haya, msomi, usije ukamshika nyanya yako."

"Huyu? Atataka kwanza athibitishe kama sari ipo."

Kijana akasimama, macho chini. Kikohozi kikavu kikasikika upande wa kushoto. Akanyoosha mkono, akamgusa begani aliyeketi kushoto. Nyimbo zikapaa, maana ndiye Malti hasa. Mahanand akainua kidole, chumba kikatulia.

"Umejuaje?"

Mzee aliona uso wa kijana ukififia, kama taa iliyoishiwa mafuta, wala hakuelewa kwa nini.

"Babu, tangu asubuhi moshi wa moto wa ndoa umekuwa ukimkohoza Malti. Nikasikia kikohozi kushoto. Nikahukumu kwamba anayekohoa ndiye mke wangu."

"Hoja safi."

"Si safi, Babu. Kikohozi kilirudi wakati mkono wangu ungali begani mwake, na bega halikutikisika. Anayekohoa ni Bibi Kamaleshwari, yuko nyuma yake, amepaliwa na tambuu. Nimempata mke wangu, lakini sikujua kuwa ni yeye."

"Mjinga huyu," alinong'ona Jayanti, binamu wa Malti, kutoka ndani ya sari ya pili. "Si angenyamaza tu."

Moyo wa Mahanand ulimpenda kijana yule papo hapo. Lakini sharti ni sharti.

"Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu, si vumbi. Mtu akiona vumbi mlimani, akalidhani moshi, akatangaza kuna moto, na kweli moto ukawepo nyuma ya vumbi, huyo amepatia. Kigoda cha Tejnarayan hakikaliwi na aliyepatia. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba Malti yuko kushoto."

"Ulijuaje, Babu?" Malti akauliza. Haikumpasa bibi harusi kusema, lakini ni mzee mwenyewe aliyemfundisha kuuliza.

"Nilikuona kwa macho yangu ukiketi hapo."

"Kisha ukaenda kunawa mikono. Jayanti akasema uso wako haufichi kitu, bwana harusi angeusoma. Tukabadilishana nafasi."

"Lakini wewe uko hapo kushoto."

"Huku kushoto ni finyu, mguu wa Jayanti ukafa ganzi, tukarudi kila mtu mahali pake. Wewe ulikuwa bado unanawa."

Kamaleshwari alicheka hadi akakohoa tena. "Vumbi, mdogo wangu. Vumbi tupu."

Mahanand alinyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyopata kunyamaza mbele ya watu. Kisha akainuka, akakishika kigoda kwa mikono miwili.

"Kirtinath, sote wawili tumepatia. Ila wewe umelifichua kosa lako huku unashangiliwa; langu limefichuliwa na msichana niliyembeba mgongoni. Nani kati yetu anafaa kuwa mwalimu?"

"Ni wewe, Babu."

"Usiniongopee siku ya harusi yako." Akamwekea kigoda mbele. "Kikalie. Na mkeo aketi ubavuni pako, maana huyu ndiye atakayekuuliza sababu."

Nanyi vijana, mnaotamka "najua" kabla swali halijaisha, tegeni masikio. Siku mtakaposhangiliwa kwa kupatia, msiinue vichwa. Geukeni kwanza nyuma mkatazame ni nani aliyekohoa.