Jina la Kumpitisha Mtoto

Mke wa askari aliye vitani ni mali ya kila mwenye mdomo. Tangu Novemba, Mikidadi alipopanda lori kwenda Kagera, wanawake wote wa nyumba za familia pale kambini Morogoro walijipa cheo juu ya tumbo la mkewe. Mwanaasha aliambiwa ale nini, alale ubavu gani, asisikilize sana redio maana mtoto angezaliwa na wasiwasi. Aliitikia ndiyo kwa kila mtu, kisha usiku akaifungua redio hiyo hiyo, sauti chini, sikio limebandikwa.

Aliyemjali kwa vitendo alikuwa mmoja, Josephine wa mlango wa pili, Mngoni wa Songea, mke wa Sajini Fransisko. Josephine alikuwa amezaa watatu katika kambi hiyo hiyo na hakuwa na subira na porojo. Alimpeleka Mwanaasha kliniki, akampangia foleni ya sukari, na Fransisko alipokuwa bado hajaondoka, alimtuma kumpasulia jirani kuni. "Nenda kwa mdogo wangu," alikuwa akimwambia, "usirudi mpaka rundo liwe refu." Fransisko alikwenda, akapasua, akapiga soga kidogo za mpira, akarudi kwake. Januari naye akapanda lori. Aprili alikuja afande mmoja pamoja na padri, wakasimama mlangoni kwa Josephine bila kubisha hodi kwa sauti, na kabla hawajasema neno kambi nzima ilikuwa imekwishajua. Mwanaasha, na tumbo lake, ndiye aliyempokea Josephine alipoanguka. Alilala naye chumba kimoja mpaka matanga yakaanuliwa.

Kwa hiyo walikuwa zaidi ya majirani. Hilo lieleweke mapema.

Julai, mimba ikiwa imekomaa, nesi wa kliniki alilipapasa tumbo la Mwanaasha, akalipapasa tena, akakunja uso. "Mtoto amelala ubavu. Akikaa hivi hivi hatatoka kwa njia ya kawaida. Usiende mbali na hospitali, umesikia? Uchungu ukianza tu, njoo."

Njia nzima ya kurudi kambini Josephine aliyarudia maneno hayo kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Siku tatu hazikupita, akaja Mjomba Mwinshehe, ndugu wa mama yake Mwanaasha. Ametoka milimani juu ya Mkuyuni, kanzu safi, bakora mkononi, begani kaleta mkungu wa ndizi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lukolo, na wa mwisho kusema katika jambo la ukoo ni mjomba. Baba husema; mjomba humaliza. Mzee akapewa kigoda, akapewa chai, akainywa bila kuuliza sukari iko wapi kwa sababu alijua haipo.

"Nimekuja kukuchukua, mpwa wangu. Mtoto wa kwanza wa lukolo hazaliwi kwa serikali. Anazaliwa kwa mama yake."

Josephine aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni aliweka ungo chini. "Shikamoo tena, mzee. Samahani kuingilia. Nesi amesema mtoto amelala vibaya. Amesema asiende mbali."

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa kumtunza." Mwinshehe alisema hivyo kwa moyo mweupe, hakuwa mtu wa kiburi. "Lakini milima ile imezaa watu kabla hospitali haijachorwa. Bibi yake yuko, mkunga yuko, mama yake halali kwa kumngoja. Mumewe hayupo. Sasa nimwache azae peke yake kati ya wanajeshi, niwaambie nini wenzangu?"

Mwanaasha aliwatazama wote wawili. Alitaka kusema nabaki. Neno lilimfika kooni kabisa. Lakini mpwa habishani na mjomba mbele ya watu, na tena, tuseme kweli, alimtamani mama yake. Akafunga kanga zake.

Josephine alimsindikiza mpaka kituo cha basi na hakumkasirikia. "Mambo yakiwa magumu usione haya," alimwambia dirishani. "Piga kelele wakuteremshe. Piga kelele mpaka wachoke na wewe."

Uchungu ulianza Ijumaa alfajiri, juu huko, ambako ukungu huingia hadi jikoni. Mchana ulipita, usiku ukapita. Jumamosi jua lilipochomoza Mwanaasha alikuwa bado amepiga magoti, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti, midomo imempasuka, na mtoto hajasogea. Mkunga alikuwa ajuza mwenye mikono myepesi aliyemzalisha hata mama yake. Alimkanda, akampaka mafuta, akamnywesha dawa chungu ya mizizi. Kisha akakaa kitako, akafuta mikono yake taratibu, akawatazama wanawake wenzake. Mwanaasha aliuona mtazamo huo. Alikuwa amekulia pale. Alijua linalofuata.

"Mjukuu wangu," alisema mkunga, kwa upole kabisa, "mtoto amezuiliwa. Kuna jina la mwanamume umelifungia ndani. Litaje apite."

"Sina jina, bibi. Ni la Mikidadi tu."

"Mikidadi yuko vitani."

"Mimba hii aliniacha nayo. Hesabuni."

Wakahesabu. Wanawake wanne, vidole arobaini, na kila mmoja akapata jibu lake. Mmoja alisema miezi imezidi. Mwingine akasema haijazidi lakini kambini kuna wanaume wengi. Yaani hata hesabu ikitoka sawa, mke wa askari hafaulu. Aliyeianzisha mila hii, popote alipolala, ningependa aamshwe aulizwe maswali mawili matatu.

"Nipelekeni hospitali," Mwanaasha alisema. "Nesi alisema amelala ubavu. Nipelekeni."

"Tutakupeleka. Taja kwanza."

Hapo ndipo palipokuwa na fundo lenyewe. Nje, kitanda cha kamba kilikuwa tayari kimefungwa miti ya kubebea, wanaume wanne wamekaa kando yake, Mjomba Mwinshehe akitembea huku na huko na bakora yake. Hakuna aliyekuwa mkatili kati yao. Lakini mwanamke aliyezuiliwa na siri habebwi. Akifia njiani na siri yake, damu humwangukia aliyembeba, yeye na watoto wake. Wanaume wale walikuwa na watoto. Walingoja neno kutoka ndani, na mjomba, ambaye neno lake lilimaliza mambo yote ya ukoo, katika hili hakuwa na neno.

Mama yake, Bi Asha, alikuwa amemshika mgongo na machozi yanamdondoka shingoni kwa bintiye. "Taja, mwanangu. Taja yeyote. Mtu hafi kwa kusema. Anakufa kwa kukaa kimya."

"Mama, na wewe?"

"Mimi nataka uishi. Mengine sitaki kuyajua."

Uchungu mwingine ukaja, ukamkunja, ukamwacha. Ulipoondoka alisikia kitu kilichomtisha kuliko maumivu: mtoto, aliyekuwa akipiga mateke usiku kucha, alikuwa ametulia. Akaweka kiganja tumboni, akabonyeza. Baada ya muda, hafifu, kama mtu anayejigeuza usingizini, mtoto akajibu. Mwanaasha akajua hana muda wa kutetea heshima.

Akaanza kuwapitia wanaume kichwani, upesi upesi. Mwalimu Omari wa shule ya kijiji? Wangemfukuza kabla ya magharibi. Athumani wa duka la ushirika? Mkewe mwenyewe alikuwa na mimba. Askari yeyote wa kambini? Mikidadi angerudi kutoka vitani, na mtu anayerudi kutoka vitani haulizi maswali mengi. Kila aliyemfikiria alikuwa na mbavu za kuvunjwa. Alitaka mtu asiyeweza kudhurika, mtu aliyekuwapo kambini baada ya Mikidadi kuondoka, mtu ambaye hakuna mkono ungemfikia tena.

Mtu huyo alikuwapo. Ningeweza kusema kwamba katika maumivu yale alimsahau Josephine, na msomaji angeniamini. Hakumsahau. Alimwona kabisa, mlangoni, ungo mkononi. Kisha akafungua mdomo.

"Sajini Fransisko. Wa kambini."

Mkunga alishusha pumzi. Wanawake wakashusha pumzi. Mama yake akamkumbatia kichwa akisema asante, asante, kana kwamba amepewa zawadi. Jina likatoka nje, na wanaume wakasimama. Mtoto hakusogea hata unywele. Siri ilikuwa imetoka, mtoto bado yuko pale pale amelala ubavu, lakini nani angekuwa na muda wa kulitazama hilo? Kitanda kilikuwa kimekwishainuliwa.

Walimteremsha mbio. Wale wanaume wanne waliokuwa hawathubutu kumgusa walikimbia naye kwenye vijia ambavyo mbuzi angefikiri mara mbili, wakipokezana bega, wakimpigia kelele avumilie. Mkuyuni walilisimamisha lori lililobeba ndizi kutoka Matombo. Dereva alishusha nusu ya mzigo wake barabarani bila kuambiwa. Hospitali walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji, na daktari aliyemtazama alitoa tusi dogo, akaanza kunawa.

Alipozinduka, kitu kizito kilikuwa kimelazwa ubavuni mwake, kimefungwa shuka, kinapumua. Mtoto wa kike. Bi Asha alikuwa sakafuni amejikunyata, usingizi umembeba. Mwanaasha alimtazama mtoto, akamhesabu vidole, akacheka, kidonda kikamkata kicheko. Alifurahi furaha isiyo na aibu. Nitamweleza Josephine, aliwaza. Atatukana, kisha ataelewa. Ndiye aliyeniambia nisione haya.

Jumapili, wakati wa kuona wagonjwa, alikuja Mjomba Mwinshehe. Alimshika mtoto, akamnong'oneza jambo sikioni, akamrudisha. Lakini hakukaa.

"Mpwa wangu, nimefanya lililonipasa," alisema. "Jina likitajwa halikai njiani. Mjomba hulifikisha kwa mwenyewe, mbele ya watu wake, ili mambo yaishe. Jana jioni nilikwenda kambini."

Mwanaasha alijaribu kujiinua, kidonda kikamzuia. "Ulikwenda kwa nani, mjomba?"

"Kwa huyo Fransisko. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi." Mzee aliitazama bakora yake. "Nimemkuta mkewe. Nikamwambia nina neno na mumewe. Akauliza neno gani, nikaona mke naye ana haki, nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanipa maji ya kunywa. Kisha akaniambia mumewe amezikwa Uganda." Akainua macho. "Mbona hukuniambia ni marehemu? Mbona ukaniacha niende pale na bakora?"

Mwanaasha aligeuza uso kwa mtoto. Mzee alitoka akiwa amezeeka.

Josephine alifika wakati huo huo, kabla kengele ya kutoa wageni haijalia. Bado alikuwa amevaa kitambaa cheusi cha ujane. Mkononi alikuwa na chupa ya uji, maana mzazi lazima anywe uji na yeye hakuwa mtu wa kuacha lazima. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamfunua mtoto uso, akamtazama muda mrefu. Alikuwa akimtafuta mtu katika uso ule. Mwanaasha aliliona hilo, likamchoma kuliko kisu cha daktari.

"Dada, ni uongo," alisema. "Walinibana. Hawakutaka kunibeba bila jina. Mtoto alikuwa anakufa. Nilisema yeye kwa sababu hawawezi kumfanya kitu."

"Najua ni uongo."

"Unajua?"

"Fransisko namjua. Nilijua tangu mzee wako alipokuwa hajamaliza kusema." Josephine alimimina uji kikombeni. "Lakini alipoondoka nikakaa. Nikakumbuka siku aliyolala Mikese, akasema lori limeharibika. Sikuwahi kuifikiria siku ile, Mwanaasha. Lori huharibika. Jana nimeifikiria mpaka kumekucha. Nikaenda kuitafuta nyingine, nikaipata. Nikaitafuta nyingine. Mtu uliyekaa naye miaka, ukizitafuta, siku za namna hiyo hazikosekani. Angekuwa hai ningemwamsha, ningemuuliza, angenicheka, basi. Sasa nimuulize nani?"

"Niulize mimi! Hajawahi, dada. Hajawahi kunigusa hata mkono. Naapa. Naapa kwa huyu mtoto."

Josephine aliweka kikombe mahali ambapo mgonjwa angekifikia. Alikuwa akilia sasa, bila sauti, na hakujifuta.

"Huko mlimani nako uliwaambia kwa mdomo huo huo," alisema, "nao wakakuamini."

Akamfunika mtoto vizuri, akaondoka.