Miiba Yenye Adabu

Dokta Atuganile hakumwamini mtu, na kwa kazi yake hiyo haikuwa dhambi. Miaka yote, kwanza ughaibuni na sasa Mbeya, alikuwa akiwamulika watu ili awasikilize. Mwanga wa leza ukiingia mwilini, damu huunyonya, hupata joto, hutoa sauti ndogo mno, na kompyuta huigeuza sauti hiyo kuwa picha. Uvimbe mbaya hujikusanyia damu, kwa hiyo hupiga kelele.

Na titi la Mama Esnath lilikuwa likipiga kelele kama disko la harusi.

Huyu Mama Esnath, mwenyekiti wa wanawake usharikani kwao Iringa, ndiye aliyesimamia kuchomwa kwa hirizi za kijiji kizima. Leo amelala kitandani na uvimbe wake, na daktari wa upasuaji anasubiri neno moja: akatwe au asikatwe.

Atuganile aliushuku umeme. Akaishuku mashine. Akamshuku fundi Sosthenes, aliyekuwa akitabasamu bila sababu ya kitaalamu.

"Umegusa nini?"

"Mimi? Dokta, hata chai sijagusa."

Akajipima mkono wake: kawaida. Akarudi kwa Mama: makelele yaleyale, tena kwa mistari miwili iliyonyooka. Saratani haijui rula. Akainama, akaona vikovu viwili vidogo.

"Mama, hivi ni nini?"

"Miiba, mwanangu. Nilikuwa nachuma mboga."

"Miiba ikachoma sambamba?"

"Miiba ya Iringa ina adabu."

"Mama, masizi hunyonya mwanga kuliko hata damu. Kama hizi ni chale zilizopakwa masizi, nitapima upya. Kama ni miiba, naandika ukatwe."

Mama Esnath akamkazia macho Sosthenes. "Huyu anasali wapi?"

"Mimi Mkatoliki, mama."

"Basi abaki, hana wa kumwambia kwetu." Akashusha sauti. "Ni chale. Nilipomzaa Devotha maziwa yaligoma. Mkunga akanichanja, akapaka dawa ya masizi."

"Yakatoka?"

"Kama bomba siku ya ziara ya waziri."

Atuganile akapima kutokea ubavuni, mbali na chale. Uvimbe ulikaa kimya kabisa. Akaandika: asikatwe.

Wiki iliyofuata Mama Esnath akaleta kamati yake yote ya kuchoma hirizi ije ipimwe. Kabla hajauliza majina, Atuganile akauliza, "Nani hapa amewahi kuchomwa na miiba?"

Kila mmoja akavuta kanga yake juu kidogo.