Yai la Siku ya Nane

Trizah alikuwa amepikia watu tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kuona mtu akitafuna kama Mama Jackie. Kipande cha yai kisichozidi ukucha wa kidole gumba kilikaa mdomoni mwake hadi Trizah akamaliza kuosha sufuria mbili. Kisha alimeza, akaweka uma chini, akasubiri. Kwao Trizah, kule ziwani, mtu akila hivyo mpishi huanza kujiuliza alikosea wapi.

Hakuwa amekosea. Mama Jackie, ambaye jina lake ni Wangoi na ndiye mwenye ploti ya nyumba za kupanga kule Kawangware 46, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Madaktari walilikata likabaki kama ndizi moja, na si ile kubwa. Alikuwa amefika kilo mia moja thelathini na nane, na magoti yake yalishagoma hata kumfikisha dukani. Waliojua habari hizo walikuwa wawili tu: Jackie, bintiye aliyeolewa Eldoret, na Trizah, aliyekuja kila asubuhi kwa miguu kutoka mtaa wa Kambi Muru kupika na kufua.

Kumbe kazi ya kupungua ni kazi ya kula. Trizah alidhani mtu wa upasuaji ule huachwa na njaa yake hadi akonde. La. Dada wa lishe kule hospitalini aliagiza chakula mara sita kwa siku, vijiko vichache vichache: samaki, mayai, ndengu, maziwa lala. Simu ya Mama Jackie ililia kila saa ya kula ilipofika. Trizah akajifunza kumchambua samaki hadi asibaki mwiba. Siku moja alisaga omena, wale dagaa wa ziwani, akachanganya na ndengu, na Mama Jackie, ambaye miaka yote hiyo hakuruhusu omena ivuke mlango wake kwa sababu ya harufu, alifumba macho akala mpaka kijiko cha mwisho. Trizah alianza kumheshimu siku hiyo. Mtu mwenye mali yake kukubali kufundishwa kula uzeeni si jambo dogo.

Miezi mitatu ikapita, kilo kumi na tisa zikaenda, polepole, bila haraka wala kishindo. Mama Jackie akaanza kutembea hadi kanisani bila kupumzika njiani.

Taabu ilianzia huko kanisani. Katunge, mwenyekiti wa kina mama, alimtazama Jumapili moja kuanzia kichwani hadi miguuni, akasimama mbele ya wote akatangaza kwamba hapa kuna mwanamke anayefunga na kuomba kwa siri, na matunda yake yanaonekana. Wanawake wakapiga makofi. Mama Jackie angeweza kusema neno moja tu la kuwasahihisha. Badala yake aliinamisha kichwa akasema, "Mungu ni mwema."

"Sasa ungetaka niseme nini?" Mama Jackie alimuuliza Trizah kesho yake. "Wangesema ni uvivu. Ati mwenye pesa anakatwa mafuta kama nyama ya buchari."

"Ungenyamaza tu, mum. Hiyo ya Mungu ni mwema ndiyo imewamaliza."

Basi wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakikaza fundo. Kanisa lilipoandaa mfungo wa siku kumi na nne, asubuhi hadi jioni, maji tu, nani angeongoza kina mama kama si yeye? Na wangekutana wapi kama si sebuleni kwake, penye makochi na kivuli?

Siku ya kwanza wanawake kumi na watano walijaa hapo na Biblia zao. Simu ikalia, Mama Jackie akaizima. Ikalia tena, akaizima tena. Siku ya pili akaondoa kengele zote. Jioni wenzake walipoenda kujaza matumbo yao kwa ugali na sukuma, yeye aliweza vijiko vinne tu, maana tumbo la ndizi halijui kufidia chakula cha kutwa nzima.

Trizah alijaribu kila mbinu. Alifunga yai kwenye leso akampitishia mlangoni mwa choo. Mama Jackie alilila amesimama humo, akitafuna kwa haraka, kisha akalitapika lote. Trizah alisimama nje ya mlango ule akamsikia, na hasira aliyoihisi siku hiyo ilimtoa machozi. Mama mzima, mwenye ploti yake, anakula chooni kwake akijificha.

Kilichomtisha zaidi ni furaha. Siku ya sita Mama Jackie alipanda mizani akamwita.

"Kuja uone. Kilo tano, wiki hata haijaisha. Si hii mfungo inanisaidia?"

Trizah hakuangalia mizani. Aliangalia mto wa kitanda, uliojaa nywele. Aliangalia mikono iliyokuwa ikitetemeka ukutani. Akachukua simu, akampigia dada wa lishe, akaweka sauti kubwa ili wote wawili wasikie.

"Hiyo si mafuta inatoka," sauti ile ilisema. "Ni misuli. Mwili unajikula. Akule kuanzia leo, ama kesho mumlete nimlaze. Mimi nimeona watu walipoteza kilo haraka hivyo, na si wote walirudi nyumbani."

Mama Jackie alikaa kitandani. Kisha akasema angemaliza siku nane zilizobaki, halafu angekula vizuri.

"Mimi nimekuwa nikiambia watu kwamba nimeona mtu jasiri," Trizah alisema. "Sasa nitawaambia nini? Mum, sikuja hapa kupika chakula ya kumwaga. Kama hukuli, mimi Jumatatu sirudi." Hakuwahi kusema naye hivyo. Aliondoka akiwa na hofu ya maneno yake mwenyewe, akatembea hadi Kambi Muru bila kuona njia.

Alirudi kesho yake, bila shaka. Moyo haukumruhusu kungoja hadi Jumatatu.

Siku ya nane sebule ilijaa kama kawaida. Trizah alikuwa jikoni anaosha vyombo na kusikiliza. Alisikia Mama Jackie akisimama kuanzisha maombi, akisema maneno mawili matatu, kisha kimya. Alichungulia. Mama Jackie alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, midomo imekauka kabisa. Wanawake walidhani ni Roho, wakaanza kumwitikia.

"Trizah," aliita. "Niletee yai yangu. Niletee hapa."

Trizah alilichemsha, akalimenya, akalikata vipande, akalileta kwenye sahani na uma. Mama Jackie alikaa chini, akachukua kipande cha kwanza, akakitia mdomoni mbele ya wanawake kumi na watano waliokuwa hawajaonja kitu tangu alfajiri.

"Mama Jackie," Katunge alisema taratibu, "ni siku ya nane."

Akainua kidole: ngoja. Alikuwa amefundishwa asiongee akitafuna, na hakuongea. Walimngoja. Walimngoja muda mrefu sana, wakitazama taya likienda na kurudi. Hatimaye akameza, akaweka uma chini.

"Sikuwa nafunga," alisema. "Nilikatwa tumbo hospitali. Mungu ni mwema, hiyo sikudanganya. Lakini nyinyi mlifikiria ni maombi na mimi nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa tamu kusifiwa. Sasa nikiendelea hivi mtanizika mkinisifu. Mimi nataka kupungua polepole, na nikiwa hai. Mnisamehe."

Akachukua kipande cha pili.

Katunge alikusanya leso yake na Biblia yake. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba mfungo unahitaji kiongozi msafi, na kwamba siku zilizobaki wangekutana kwake. Wakatoka mmoja mmoja. Wengine walimpita bila kumwangalia. Muthoni, jirani yake kwa miaka ishirini, alisimama mlangoni, halafu akavaa viatu vyake akawafuata.

Sebule ikabaki na makochi matupu. Trizah alisimama katikati yake na kikombe cha maji mkononi, amevimba kwa uchungu, akiwaza maneno yote ambayo angewatupia wale wanawake barabarani. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini hawakusema aliyeuonyesha hupata nini.

"Niwarudishe?" aliuliza. "Niwafuate niwaambie ulikaribia kukufa?"

Mama Jackie alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni, na taya lake halikusimama. Alimeza, akaweka uma chini, akavuta pumzi.

"Usinifanye niharakishe," alisema. "Bado nusu."

Trizah hakuwahi kumwona mtu shujaa kiasi hicho, na alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Kisha akaketi kwenye kochi alipokuwa ameketi Katunge, akaweka mikono mapajani, akamngoja amalize.