Kioo Nilichokitoa kwenye Kamera

Mama Libérata alikufa Jumatatu, siku mbili baada ya gusaba, sherehe ya mahari ya binti yake Murekatete. Picha za sherehe nilipiga mimi. Kati ya zote, moja tu anacheka, na hiyo ndiyo wanayoitaka mbele ya jeneza kesho asubuhi. Nyingine aliyonayo ni ya kitambulisho.

Uso uko safi, kope unazihesabu. Lakini mushanana wake, vazi la sherehe la kufunga begani, lenye mistari myembamba, umejaa mawimbi ya zambarau na kijani, kama mafuta ya gari juu ya maji.

Kosa ni langu. Majirani walipiga domo kwamba picha za Igor, mpiga picha mwenzangu, ni kali kuliko zangu, basi nikavuka mpaka pale Grande Barrière, na fundi Faradji wa Goma akanitolea kioo kimoja chembamba cha ndani ya kamera ili picha ziwe kali.

Nikampigia simu. "Faradji, rudisha kioo changu."

"Kilipasuka, dada. Na picha iliisha kupigwa, haiponi. Kile kioo kilikuwa kinalegeza picha kidogo, mistari ya nguo isigombane na vitundu vya kamera vinavyoshika mwanga. Wewe ulitaka ukali, si nilikupa?"

"Bon, nifanye nini?"

"Piga picha ya nguo upya. Zungusha lenzi kidogo, picha ilegee kama mutu mwenye usingizi."

Nguo hiyo amevalishwa marehemu. Lakini kwenye gusaba wanawake wa familia walishona mishanana ya kitambaa kimoja, Murekatete pia. Nikaenda msibani, watu wamejaa hadi uani, nikamvuta Murekatete chumbani, nikamwambia yote, na kwamba nataka kumpiga picha na nguo yake. Nilingoja kofi.

"Kwa hiyo mama amepakwa rangi hizi sababu we ulimuonea Igor wivu?"

"Ndiyo."

Akavaa mushanana wake, akakaa kama mama yake, mikono magotini. Bega lake jembamba; tukalijaza kitenge. Nikalegeza lenzi, nikapiga. Mawimbi hakuna. Kwenye kompyuta niliyokuja nayo nikaweka kichwa cha mama juu ya mwili wa binti.

"Mikono hiyo ni yangu," alisema.

"Hakuna atakayejua."

"Mi nitajua. Rudisha ya kwake."

Kwenye picha ya kwanza mikono ya mama ilikuwa imezama katikati ya yale mawimbi. Nikaanza kuikata kwenye skrini, kidole kimoja kimoja, niihamishe, sebuleni wakianza rozari, na yeye amesimama nyuma yangu, haondoki.