Wimbo wa Stesheni

Moe Tarlow alikula kwa mikono miwili: mmoja uliandika maneno ya nyimbo, mwingine hadithi za filamu. Hollywood ya wakati ule, sinema ndiyo kwanza zimeanza kusema, mtu wa namna hiyo hakulala njaa. Muziki aliutunga Sol Birnbaum, swahiba wake tangu New York. Katika filamu yao ya tatu, Dora, mke wa Sol, alipewa wimbo wa kuimba stesheni. Mmoja tu, baada ya miaka ya kuimbia mahotelini watu waliokuwa wakitafuna.

"Moe, ndugu yangu," Sol alimsihi, "ile habari kwamba yule bwana anayependwa na Dora kwenye filamu ana mke, itie ndani ya wimbo. Dora aiimbe. Wakiukata, hadithi ife."

"Nani aukate? Acha woga, wewe!"

Moe akaitia habari ile kwenye mazungumzo, kabla ya wimbo. Ilikuwa rahisi zaidi, na wenzake walikuwa wakimngoja kwenye karata.

Filamu ilipokamilika, watu walikuwa wameshachoka na nyimbo. Kumbi za sinema zilibandika matangazo kwamba filamu zao hazina nyimbo. Bosi wa studio akamwita Moe. "Toa kila wimbo unaotoka bila kubomoa hadithi."

Moe alikaa na mkata filamu, akitafuta sababu hata moja ya kuubakiza wimbo wa Dora. Hakuipata. Ulitoka wote, na hadithi haikutikisika. Alijuta mpaka akaona aibu kushika kalamu. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu hana msaada kwa mtu anayezama. Kuwaambia Sol na Dora nako akaahirisha, kesho, keshokutwa, mpaka siku ya kuonyeshwa ikafika.

Dora alikuja na gauni jipya, akaketi katikati ya wanaume wake wawili, akamshika Moe mkono.

"Shemeji, zamu yangu ikifika nafumba macho. Siwezi kujitazama. Wimbo ukiisha, unifinye."

Stesheni ikatokea. Dora wa kwenye pazia la sinema alivuta pumzi, akafungua kinywa, na hapo hapo garimoshi likawa linaondoka. Sol aligeuka polepole, akamtazama Moe usoni.

Dora alikuwa bado amefumba macho, anatabasamu, mkono wake ndani ya mkono wa Moe.

"Shemeji," akanong'ona, "mbona siimbi?"