Sauti Iliyosema Karibu

Mimi nimezunguka. Nimepikia kambi za wajenga barabara, nimelinda mitambo ya mgodi, na shule nimeisoma vipande vipande. Kila nilipoanza kuielewa hesabu, nilifunga mzigo nikaondoka. Kwa hiyo nilipofikia kwa dada yangu mdogo nilidhani hakuna chumba duniani cha kunitoa macho. Kumbe sijaingia kazini kwa mpwa wangu.

Huyo mpwa, binti wa dada, ni fundi mkuu wa kompyuta kwenye kituo kinachopokea simu za watu wanaohitaji gari la wagonjwa. Jumapili hiyo mchana alikuwa na kazi isiyomruhusu kutoka hata kula, basi mimi na mama yake tukampelekea chakula. Tulimkuta kwenye chumba kidogo, skrini zimepangwa mbele yake. Kushoto kwake kioo kipana, na ng'ambo ya kioo ukumbi wa wapokea simu. Kulia mlango uliozuiwa kwa tofali usijifunge, na nyuma yake chumba cha baridi, feni zinavuma kama mvua juu ya mabati.

"Mjomba, karibu kiti. Mama, umesahau vijiko."

"Nimekubebea chakula mji mzima, unaniuliza vijiko," dada akasema, lakini alishageuka kwenda kuviomba ukumbini. Laiti asingetoka.

Maana ni hapo mpwa wangu aliponieleza kazi yenyewe, na mama yake hakusikia. Zile seva, kompyuta kubwa za chumba cha baridi, wao wanaziita nyumba. Programu zinazoishi ndani wanaziita wapangaji: huyu wa simu, yule wa ramani, mwingine wa kumbukumbu. Siku hiyo walikuwa wanabadilisha ile programu ya ndani kabisa, inayokiamsha chuma chenyewe kinapowashwa.

"Ni kama msingi, Mjomba. Huwezi kuvunja msingi watu wamelala ndani. Unawahamishia kwanza nyumba ya jirani, huku wanaendelea na kazi zao, hata hawajui kama wamehama. Nyumba ikibaki tupu ndipo unaigusa."

"Na ukiikatiza katikati?"

"Chuma kinakuwa kiti cha kukalia. Hakiamki tena."

Aliyekuwa chumba cha baridi ni kijana mmoja mnene wanamwita Nati. Yeye ndiye wa kubonyeza, ila kutoka kule hazioni skrini za mpwa wangu, na feni hazimwachi asikie maneno marefu. Basi wakajitungia utaratibu. Nati akiwa tayari anapiga kelele, "Hodi!" Kama wapangaji bado wamo, mpwa wangu anajibu, "Bado!" Nyumba ikiwa tupu anajibu, "Karibu!" Nati anabonyeza. Nyumba ya kwanza niliishuhudia hivyo hivyo: hodi, bado, hodi, karibu. Ikazimika, ikaandikwa upya, ikaamka na taa zake za kijani. Nikapiga makofi kama mtoto.

Wapangaji wa nyumba ya pili walikuwa wanahamishwa dada aliporudi na vijiko, akakaa nyuma ya binti yake. Wapangaji wadogo walishatoka. Amebaki wa simu, mkubwa kuliko wote, bado yuko njiani. Mpwa wangu alikuwa ameinamia skrini akimbembeleza: "Twende, baba. Twende."

Chumba cha baridi kikaita, "Hodi!"

Sisi tulilelewa na mama ambaye mgeni akisimama mlangoni bila kujibiwa, anakufinya wewe. Na dada na bintiye wana sauti moja. Kwenye simu nimewahi kumgombeza mmoja kwa kosa la mwenzake. Nilimwona dada anainua kidevu. Mkono wangu ulinyanyuka, haukufika.

"Karibuuu!" akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Mpwa wangu aligeuza shingo tu. Kule ndani feni moja ilinyamaza, kisha ikanguruma. Halafu ukumbini ukakatika mlio ambao sikujua kuwa nilikuwa nausikia, ule wa simu na watu kuongea. Kupitia kioo niliona mikono ya wote imesimama hewani.

Mpokea simu mmoja akaingia bila viatu.

"Zimekufa! Zote! Nilikuwa na bibi wa watu, mumewe ameanguka, midomo imegeuka rangi. Barabara kanitajia, nyumba hajanitajia!"

Nati akachungulia. "Kuna nini?"

"Nani kakwambia karibu?"

"Si wewe?"

"Mimi sijafungua mdomo, Nati!"

Tukamgeukia dada, vijiko mkononi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mtu alipiga hodi," akasema.

Nati akaruka. "Naizima, niirudishe!"

"Usiguse!" Sijawahi kumsikia mpwa wangu akipiga ukelele ule. "Imeshaanza kuandika. Ukizima sasa tunaipoteza nyumba pia. Iache!"

"Na simu?"

"Mpangaji ataamshwa nyumba nyingine, tumeipanga hivyo. Lakini huyu hakuhamishwa, ameanguka. Ataamka polepole." Akamgeukia mpokea simu. "Redio inafanya kazi. Mpe dereva hiyo barabara, aanze kwenda. Nyumba ataijua akiwa njiani."

Kisha akaketi juu ya mikono yake mwenyewe, isije ikagusa kitu. Mgodini niliona dari ikishuka. Watu walipiga mayowe wakashika sepetu. Hapa hapakuwa na sepetu. Mshtuko wote ule, na kazi ni kukaa kimya unatazama mstari wa skrini unavyojivuta, na mahali fulani bibi ameshika simu iliyokufa.

Ukumbi ukalia wote kwa mpigo. Mpokea simu alikimbia, akainua moja, siyo, nyingine, siyo.

"Bibi! Ni mimi, ni mimi! Sema nyumba!"

Gari lilikuwa tayari limeingia ile barabara. Tulisimama kwenye kioo mpaka redio ikakoroma: wamempata, anapumua, wanakwenda naye hospitali.

Hapo ndipo vijiko vikaanguka.

"Ningemuua mume wa mtu," dada akasema, "kwa adabu."

"Si wewe, Mama." Mpwa wangu aliinama akaviokota. "Neno ambalo kila mtu analijibu bila kufikiri, mimi nikalifanya kufuli. Ni mimi."

"Tulilipenda kwa sababu lilituchekesha," Nati akasema, na hakucheka mtu. Nyumba ya pili iliamka nzima. Ya tatu mpwa wangu alikataa kuigusa siku hiyo. Tangu hapo Nati anatoka, anasimama kwenye skrini, wanatazama wote wawili kama nyumba ni tupu, ndipo anarudi kubonyeza.

Jioni tulikaa nyumbani, mimi na dada, chai imepoa mbele yetu. Mlangoni jirani akaita.

"Hodi!"

Dada akafungua mdomo, akaufumba. Tukatazamana.

"Hodi jamani! Humu ndani mmehama?"

Dada akainuka taratibu, akaenda, akafungua mlango. Akamtazama jirani juu mpaka chini, akachungulia nyuma yake, kulia na kushoto, kote.

"Pita," akasema.